Shajara ya kontroli boksi: sedani ya 1994 inayozima ikipata moto

Jumamosi, kabla ya kugusa kitu

Gari ni sedani ya 1994, injini ya petroli ya silinda nne, lita 1.6, gia za mkono, bado lina distribyuta, kile kigawa moto kinachopeleka umeme wa cheche kwenye kila plagi. Kontroli boksi, yaani kompyuta inayoendesha injini, ni lile lile lililotoka nalo kiwandani. Stika iliyoziba ukingo wa kifuniko haijachanwa. Ugonjwa wenyewe ni huu: asubuhi linawaka kwa stata moja. Likishapata moto silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga resi) inaanza kupanda na kushuka, halafu linazima ghafla, kama vile mtu kafunga swichi. Liache lipoe, linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno.

Dalili kama hizo zinaweza kuletwa na vitu vingi. Koili ya kuwashia iliyochoka, sensa ya mzunguko iliyo ndani ya distribyuta, pampu ya mafuta, rilei kuu yenye lehemu iliyopasuka: vyote hivyo hufa kwa joto na kufufuka vikipoa. Kwa hiyo huwa sikubali kuambiwa "ni kompyuta hiyo" wakati mita haijatoka hata kwenye mfuko wake. Boksi hulaumiwa mara nyingi kuliko linavyostahili, kwa kuwa ndilo kitu pekee ambacho fundi hawezi kukitazama kwa macho akajua kimeoza.

Lakini hapa kuna jambo lililonifanya niliwekee boksi jicho mapema. Gari likiwa limezima kwa joto, ukifungua swichi bila kupiga stata, taa ya injini kwenye dashibodi haiwaki. Taa hiyo kwenye gari hili huwashwa na boksi lenyewe, kwa kuipa ethi, yaani njia ya kurudi upande hasi wa betri. Injini ikipoa, taa nayo inarudi. Balbu iliyoungua haifufuki ikipoa. Basi ama boksi halipati umeme, ama linapata na limeshindwa kazi.

Nimejaribu pia kusoma namba za hitilafu. Plagi ya OBD-II, ile ya kusomea hitilafu kwa mashine iliyolazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996, humu haimo. Unaunganisha pini mbili kwa kipande cha waya kwenye plagi ya uchunguzi, kisha unahesabu taa inavyopepesa. Ilipepesa mfululizo bila kituo, maana yake hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Sikulichukulia hilo kama habari njema. Boksi linalokosa umeme ndani yake haliwezi kuandika kwamba limekosa umeme.

Jumapili: umeme na ethi

Boksi limefungwa nyuma ya paneli ya miguuni, upande wa abiria wa mbele. Nikaanza na zulia, nikalibinya kwa kiganja hadi kwenye kona. Kavu. Mpira wa kioo cha mbele ukichoka, maji huteremka mpaka hapo hapo, na maboksi mengi yamekufa hivyo bila mwenye gari kuona hata tone.

Vipimo vyote nimevichukua kwa kupenyeza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, soketi ikiwa imechomekwa mahali pake. Waya uliokatika nyuzi zake na kubakiza mbili tatu utaonyesha volti 12 safi kabisa ukiupima bila mzigo. Upe kazi ndipo utajua.

Betri: volti 12.5. Waya wa kudumu unaolinda kumbukumbu: 12.5. Waya wa rilei kuu, swichi ikiwa wazi: 12.3. Ethi huwa siipimi kwa omu, kizio cha ukinzani wa umeme. Naiweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye pini ya ethi ya boksi, nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, halafu mtu anapiga stata. Ikizidi 0.1 hapo kuna kutu mahali. Mdogo wangu akapiga, mita ikasoma 0.04. Tukawasha injini tukaangalia na chaji ya altaneta: 14.1, na mawimbi ya AC hayafiki hata sehemu ya kumi ya volti, kwa hiyo dayodi zake ni nzima. Nimejiridhisha kwamba gari linalilisha boksi vizuri.

Kilichobaki ni volti 5. Kutoka kwenye hizo 12 zinazoyumbayumba, boksi hujitengenezea umeme wake tulivu wa volti 5, unaoendesha chipu zake na kupelekwa kwenye sensa ya throtoli na sensa ya mgandamizo wa hewa. Ukiyumba huo, kila kinachosomwa ni uongo. Boksi likiwa baridi nimepata 5.01.

Nikalishusha boksi likaning'inia kwenye waya zake, nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikachukua mashine ya kukaushia nywele nikaanza kulipuliza kwa mbali, nikiligusa kila mara. Nilitaka joto ambalo mkono bado unalivumilia, kwa sababu ndilo linalopatikana pale chini ya dashibodi gari likiwa safarini juani. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu 5.01 ikawa 4.9, ikarudi, ikawa 4.2, na taa ya injini ikafifia hadi ikazima kabisa. Mita: 0.8.

Kabla ya kutoa hukumu, swali moja zaidi. Sensa iliyogusana ndani, au waya wake uliochubuka ukalala kwenye chuma cha gari, unaweza kuuvuta umeme huo chini na boksi likasingiziwa. Nikachomoa sensa ya throtoli: 0.8. Nikachomoa ya mgandamizo: 0.8. Nikaacha kupuliza, na baada ya kitambo mita ikapanda yenyewe mpaka 5. Tatizo limo ndani ya kasha.

Jumanne jioni: chini ya kifuniko

Nimechomoa nguzo hasi ya betri kwanza, kisha soketi. Usichomoe soketi ya kontroli boksi swichi ikiwa wazi, hata kama una haraka ya namna gani.

Skrubu nne, na harufu ikawahi kutoka kabla ya kifuniko: samaki wa kukaa. Aliyewahi kufungua boksi la miaka ya mwanzo ya 1990 anaijua. Ni maji ya ndani ya kapasita za elektroliti, zile zenye umbo la kopo dogo la alumini. Mpira ulio chini yake hukauka na kupasuka, maji yanachuruzika juu ya bodi ya saketi, yanatafuna shaba, na kwa kuwa yanapitisha umeme yanaunganisha njia ambazo hazikupaswa kukutana.

Humu kapasita ziko nne. Mbili ukiziangalia kwa juu ni nzuri tu, zinang'aa. Nilipoinamisha bodi kwenye taa ndipo nikaona: kuzunguka miguu yao vanishi ya kiwandani imevimba kama ngozi iliyoungua, chini yake kuna rangi ya kahawia, na lehemu ya miguu yenyewe imekuwa kijivu, imepoteza mng'ao. Njia ya shaba inayoingia kwenye regyuleta, kifaa kinachotengeneza zile volti 5, imegeuka kijani karibu na mguu wa kapasita kubwa. Nikaikwangua taratibu kwa ncha ya sindano. Kilichokuwa kimebaki cha shaba ni uzi usiozidi unywele, umepasuka katikati. Bodi ikipata joto hutanuka, ufa unafunguka, umeme unakatika. Ikipoa, ufa unagusana. Ndiyo asubuhi na jioni ya gari hili.

Hesabu ya umri wa vitu hivi inafurahisha. Kapasita ya kawaida ya daraja la nyuzi 105 za Selsiasi huandikiwa saa 2,000 kwenye joto hilo, na kanuni ya kukadiria wanayotumia watu wa elektroniki ni kwamba kila joto likipungua nyuzi 10, umri unakuwa maradufu. Shuka hadi nyuzi 35: maradufu mara saba, saa 256,000, kama miaka 29. Ni makadirio, lakini maana yake ni kwamba hata gari lililolala bandani bila kuendeshwa, kapasita zake zinaelekea mwisho tu. Sioni sababu ya kumwamini mtu anayeniambia boksi lake la umri huu ni zima kwa kuwa gari lilitembea kidogo.

Ningekomea hapo ningesema kazi ni ya kapasita na kipande cha waya. Lakini upande wa pili wa bodi, karibu na soketi, kuna chipu ya miguu kumi na sita yenye kitundu juu ya mgongo wake, kidogo kama kichwa cha pini, kingo zimeumuka na kuwa nyeupe. Maji ya kapasita hayatoboi chipu. Hiyo imepasuka kwa mkondo mkubwa, na mkondo haukutoka ndani.

Jumatano: nani kaiua chipu

Nikazifuata njia za shaba kutoka kwenye chipu hadi kwenye soketi, mita ikilia kila nilipopatia. Miguu minne inakwenda kwenye valvu ya silensa, ile mota ndogo inayofungua na kufunga hewa ya pembeni injini ikiwa haijakanyagwa resi. Nikaishusha. Ina koili nne. Nikapima kwa omu: 30, 31, 30. Ya nne: 6.

Koili ya omu 30 kwenye volti 14 inakula chini ya nusu ampia. Ya omu 6 inakula zaidi ya ampia 2. Chipu iliyojengwa kwa kazi ya kwanza haiwezi kuvumilia ya pili. Na hapo yale mawimbi ya silensa nayo yakapata mzazi wake: mota yenye koili moja mbovu inaruka hatua, boksi linadhani valvu iko mahali fulani kumbe iko kwingine.

Mzee mmoja fundi umeme ninayemheshimu alipita akaona bodi mezani. Nikamwamkia, akaitikia macho yakiwa kwenye ile chipu.

"Umeshapata boksi jingine?"

"Bado, Mzee. Natafuta."

"Vizuri. Maana ungelipata jana, leo ungekuwa nayo mawili mabovu."

Alichosema ndicho ninachotaka kiandikwe hapa kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu naona watu wakibadilisha boksi, gari linatembea wiki moja, linakufa tena, kisha lawama zinamwendea aliyeuza. Boksi huwa halijifii lenyewe upande wa kutoa nguvu. Kila transista iliyoungua ina waya, na mwisho wa waya huo kuna kitu kilichoiua. Kabla ya kuchomeka jingine, pima kila kinachoendeshwa na boksi.

Basi nikapima. Nozeli nne, zinazonyunyiza petroli: kati ya omu 13.8 na 14.1, safi, ni zile za omu nyingi ambazo huunganishwa moja kwa moja bila rezista. (Zipo nozeli za omu 2 au 3, ukizifunga kwenye boksi lisilozitarajia, unaandaa maiti nyingine.) Koili ya rilei ya pampu: 82. Valvu ya mvuke wa tangi: 34. Upande wa msingi wa koili ya kuwashia uko ndani ya kipimo cha kitabu, na modyuli yake ya kuwashia haigusani na ethi. Sensa ya joto la maji, ingawa haiwezi kuua boksi, nimeipima nayo: 2,400 ikiwa baridi. Waya za valvu ya silensa nimezikagua kuanzia soketi hadi soketi, zisiwe zimechubuka mahali. Ni nzima. Mhalifu ni valvu yenyewe. Mpya imeagizwa.

Ijumaa: njia tatu

Ya kwanza, kulitengeneza boksi hili hili. Kapasita si tatizo, njia ya shaba si tatizo. Chipu ndiyo tatizo: namba iliyoandikwa juu yake ni ya mtengenezaji wa boksi, haipo kwenye orodha za kawaida, na kuipata ni kuing'oa kwenye bodi nyingine. Kama nina bodi nyingine, kwa nini nisiitumie yote?

Ya pili, kompyuta ya injini ya kujijengea na kuipanga mwenyewe. Speeduino, inayojengwa juu ya Arduino Mega, au MegaSquirt. Nazipenda sana, na kwa injini iliyobadilishwa kamshafti au kufungwa turbo ningekwenda huko bila kuuliza mtu. Lakini injini hii ni ya kawaida. Ndani ya boksi la kiwandani kuna majedwali ya mafuta na moto yaliyopimwa na wahandisi kwenye baridi kali, kwenye joto, kwenye milima. Nikiweka ya kujijengea, itanibidi nijifundishe yote hayo mwenyewe, na kuwasha injini baridi peke yake ni somo refu. Sitaki mradi mwingine. Nataka gari.

Ya tatu, boksi la mtumba lenye namba ile ile. Nimechagua hiyo.

Namba ile ile nina maana ile ile hadi herufi ya mwisho. Kuna maboksi yenye umbo moja, soketi moja, yanayoingia bila kelele, na yametofautiana herufi moja tu nyuma ya namba: moja la gia za mkono, jingine la otomatiki, moja linatarajia sensa ya oksijeni, jingine halina habari nayo. La otomatiki kwenye gari la mkono litawasha injini, kisha silensa na namba za hitilafu zitakusumbua maisha yako yote. Na magari ya miaka michache baadaye yana kufuli la kielektroniki ndani ya boksi, linalotambua funguo za gari. Ulaya lililazimishwa kwa magari mapya mwaka 1998. Kwenye hayo, ukibadilisha boksi bila kulioanisha na funguo, injini inawaka sekunde moja mbili na kuzima. La 1994 hili halina hayo, namshukuru Mungu.

Jumamosi: la mtumba

Limefika. Namba na herufi zimekubaliana. Limetoka kwenye gari lililogongwa nyuma, na aliyelitoa anasema lilikuwa zima. Namwamini. Hata hivyo lina umri sawa na langu, na zile saa 256,000 zinalihusu nalo, kwa hiyo limefunguliwa kabla ya kulionyesha gari.

Harufu ni ndogo, lakini ipo. Kapasita moja imeanza kulowa miguuni. Nimezitoa zote nne. Picha kwanza, kwa karibu, upande hasi wa kila moja uonekane. Kisha vanishi kukwanguliwa kuzunguka miguu, lehemu mpya kidogo kuongezwa juu ya ile ya zamani ili iyeyuke vizuri, kwa sababu iliyoliwa na elektroliti hugoma hata pasi ikiwa na moto wa kutosha. Ukilazimisha kwa kuvuta, kapasita inatoka na pete ya shaba ya kwenye tundu. Nilisubiri hadi mguu ukacheza wenyewe, nikainua, nikanyonya mabaki kwa utepe wa shaba.

Kusafisha: siki nyeupe kwa pamba, kidogo tu mahali palipolowa, ifuate maji yaliyochujwa, kisha alkoholi ya isopropili kwa mswaki mara kadhaa hadi pamba itoke nyeupe. Bodi ikakaa usiku kucha ikikauka. Kapasita mpya zina mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, zote za nyuzi 105. Vanishi mpya juu. Njia za shaba nimezipima moja moja kwa mita. Zote zinalia.

Jumapili: kufunga

Valvu mpya ya silensa imetangulia: 30, 30, 31, 30. Koo lake la hewa limesafishwa kwa kuwa masizi yangeigomesha hata ikiwa mpya.

Boksi ndani, soketi hadi isikike inafunga, betri mwisho kabisa. Swichi wazi. Taa ya injini ikawaka, pampu ya mafuta ikavuma kidogo na kunyamaza. Volti 5: 5.02. Sikupiga stata bado. Nilichomoa soketi za nozeli nikaweka taa ya majaribio kwenye mojawapo, mdogo wangu akapiga stata, taa ikapepesa kwa mpigo ulio sawa. Hapo ndipo nikarudisha nozeli.

Liliwaka. Silensa ikaruka hadi 1,500, kawaida ya injini baridi, ikashuka kadiri maji yalivyopata moto, ikatulia kwenye 800. Sensa ya joto la maji sasa omu 310. Ya oksijeni inacheza kati ya volti 0.1 na 0.9, haikai mahali, ndivyo inavyotakiwa.

Kwa kuwa lina distribyuta, nimepima na muda wa moto, yaani cheche inaruka lini. Waya kwenye plagi ya uchunguzi ili boksi liache kuwahisha moto lenyewe, taa ya kupimia kwenye puli: digrii 8, kitabu kinataka 10 kabla ya pistoni kufika juu. Nikalegeza distribyuta, nikaisogeza kidogo, 10. Huenda ilikaa hivyo miaka.

Kisha mashine ya nywele tena, injini ikiunguruma. Nimepuliza muda mrefu kuliko mara ya kwanza, kasha likawa la moto hadi nikaondoa mkono. 5.02. Haikutikisika.

Wiki iliyofuata

Safari ndefu mchana, foleni, mlima, feni ikiingia na kutoka. Halijazima. Namba za hitilafu: hakuna, na safari hii naamini, kwa sababu niliwahi kuchomoa sensa ya joto makusudi na boksi likaiandika mara moja.

Boksi la zamani nimelibadilishia kapasita na kuliungia njia ya shaba kwa uzi mwembamba. Volti 5 inasimama hata kwenye joto. Halina chipu ya silensa tu, kwa hiyo nimeliandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha: LINAWASHA, HALINA SILENSA. Nikikutana na bodi iliyokufa yenye namba hiyo, nitahamisha chipu.

Kilichobaki ni oringi ya distribyuta, niliona inatokwa na oili nilipokuwa naizungusha. Hiyo ni ya Jumamosi.